Gari Jekundu Lililolazimishwa Kunguruma Mapema

Siku mliyoniletea kanga ya kuniaga mlisema niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu, ili vijana wajao wasome. Nilicheka moyoni. Vijana gani hao wanaosoma? Miaka yote nimewaimbia kwamba boliti za silinda hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na hadi naondoka kulikuwa na mmoja wenu, simtaji jina, ambaye huanzia pale mkono wake unapofika bila kuinuka kwenye kigoda. Lakini nimekubali kuandika, kwa sababu siku ile ile mliirudia ile hadithi yenu ya gari jekundu na Fundi Redio wa Ruangwa. Mnaipenda kupita kiasi. Kila akija mteja mgeni mnamsimulia jinsi Mama Somoe, yaani mimi, alivyomfukuza kazi fundi mzima kwa sentensi moja, halafu mnashika mbavu. Mtu huyo alipoteza kazi kweli, na jina lake limekuwa mzaha mpaka leo. Leo nitaisimulia mwenyewe, ila nitaanzia ilikoanzia, kwa hiyo vumilieni.

Niliingia gereji ya Nachingwea mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vyeo na mishahara sitaeleza. Vyeo vilikuwa viwili tu, fundi na asiye fundi, na mshahara ulikuwa unachelewa. Siku ya kwanza nilikuta wanaume watano wamekaa juu ya tairi wanakunywa chai. Mmoja aliyeitwa Bakari alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akauliza, "Vitumbua umeweka wapi, dada?" Nikamwambia sikuja kuuza vitumbua, nimekuja kufanya kazi. Wakawekeana dau kwamba nitaondoka kabla ya adhuhuri. Bakari huyo, mjue, alifanya kazi ya ufundi miaka tisa na hakuwahi kufunga kabureta bila kubakiwa na skrubu mkononi. Aliziweka kwenye kopo la maziwa, na kopo lilikuwa limejaa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Lipande. Ufundi aliupata kwenye matrekta, na hasira zake pia nadhani alizipatia huko. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinipa debe la mafuta ya taa, brashi ya waya na valvu kumi na sita zenye masizi, akasema, "Zing'ae. Ukimaliza zote nionyeshe ile ambayo ungeitupa." Nilizisugua mpaka vidole vikachubuka. Nikamwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa imeungua ukingo, akaguna. Ya pili ilikuwa imepinda kidogo sana, mimi mwenyewe niliihisi tu nilipoibingirisha kwenye kioo cha dirisha. Mzee aliibingirisha vile vile, akatazama wale watano waliokuwa wameihesabu nzima, akawaita majina ambayo sitayaandika. Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake, na wale watano wakawa maadui zangu, na yote mawili yalinifaa.

Mzee Lipande ndiye aliyenifundisha kupima tapeti. Alikuwa na kile kisu cha vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja na unene wake, na alikitunza kwenye kitambaa cha flana. Unazungusha injini kwa mkono hadi valvu ifunge, unapitisha kipande kati ya shina la valvu na mkono wa chuma unaoisukuma, unakaza skrubu. "Kisilazimishwe na kisiteleze," alisema. "Kiende kama uzi unaochomolewa kwenye nguo." Ukiacha nafasi kubwa, injini inagonga na haipumui vizuri. Ukibana mno, valvu haifungi sawasawa, inaungua. Hayo ndiyo mambo yote ya valvu: ifunguke lini, ifungwe lini, na kwa kiasi gani. Mtu akishaelewa hapo, anaweza kusikiliza Landrova ikiwa bado barabarani akajua ni silinda ipi inayolalamika. Mzee alikuwa anajua. Aliweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasema "ya tatu." Ilikuwa ya tatu.

Lakini Mzee alikuwa na dini yake nyingine, dini ya oili nzito. Nyinyi mmekuta mambo yamebadilika, kwa hiyo hamwezi kuelewa. Enzi zile mwenye gari ndiye aliyeleta oili yake mwenyewe, na fundi aliipima mbele yake kwa kuchovya kidole na kukiinua. Ikidondoka haraka, mwenye gari aliaibika. Kumletea fundi oili nyepesi kulikuwa sawa na kumpikia mgeni uji wa maji. Watu walikwenda mpaka kwa wenye matrekta kuomba ile nzito nyeusi ya madumu, wakaileta wamebeba kifua mbele. "Oili nyepesi ni ya cherehani," Mzee alikuwa akisema, na gereji nzima ikaitikia, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa Landrova kuukuu na malori ya korosho, hakukosea sana. Injini zimelika, joto lenyewe ndilo hili la kwetu, oili nzito ilizuia kelele na moshi. Tatizo la maneno ya mwalimu mzuri ni kwamba mwanafunzi huyabeba hata mahali ambapo mwalimu hakuyapeleka.

Kesi za miaka ile zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za ujinga, si za ufundi. Alikuja mwenye lori ambaye injini yake ilikuwa inatoa moshi kwenye ule mpira wa kupumulia, akaona njia fupi ni kuuziba kwa gunzi la mahindi. Oili ikakosa pa kupumulia, ikapasua sili mbele na nyuma, lori likafika kwetu limeoga kama ng'ombe aliyetoka josho. Nikalichomoa gunzi nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe ukikohoa unazibwa?" Akanijibu kwamba gunzi lilikuwa limekaa vizuri siku tatu. Alikuwa anajivunia. Watu wa namna hiyo ndio walionilea ulimi, na ulimi wangu ndio mnaousifu.

Mzee Lipande aliumwa miguu, akaacha kazi, na baada ya mwaka akafariki kwao. Nikawa fundi mkuu. Ndipo miaka ya elfu mbili ikaleta vile vigari vya Kijapani vilivyotumika, vya chini chini, vyenye injini ambazo hazikuwa na adabu za zamani. Nieleze kidogo, maana huko ndiko kesi iliko. Injini ya kawaida hufungua valvu zake kwa namna moja, iwe inakwenda taratibu au mbio. Hizi za mbio zilikuwa na namna mbili. Kwenye mwendo mdogo, valvu hufunguka kidogo, kwa utulivu. Ikifika mizunguko elfu tano na ushei kwa dakika, kompyuta ya gari hufungua kijitundu, oili inasukumwa kwa presha kuingia kwenye mikono ya valvu, inasukuma vipini vidogo vya chuma, na vipini hivyo huunganisha mikono yote na kinundu kikubwa cha kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kuzifungua valvu. Valvu sasa zinafunguka sana na kwa muda mrefu. Mlio unabadilika ghafla. Injini inanguruma, gari linavuta. Pale inapobadilika ndipo watu walipokuwa wakipahangaikia, kila mmoja akitaka pawe mahali pake.

Aliyelileta gari la namna hiyo kwetu ni Ismaili Mchopa wa Ruangwa, mnunuzi wa ufuta. Gari jekundu, la chini kiasi kwamba kuku aliyelala barabarani angelikwaruza. Kwa barabara zetu hizi! Lakini Ismaili alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa ya kuchekesha na ya kweli kwa wakati mmoja. Msimu wa ufuta ukifunguliwa, mnunuzi anayefika kwanza kijijini na mizani yake ndiye anayepata magunia. Wa pili anapata salamu. Wenzake walikuwa na pikapu. Yeye alitaka afike Chunyu na Nambilanje kabla pikapu hazijavuka mto, aweke mizani, aongee na wakulima, lori lake lifuate nyuma. Basi alikuwa na gari la mbio, na hakuweza kulikimbiza. Kwenye mashimo yale hakuna aliyewahi kufikisha mizunguko elfu tano akabaki na magurudumu manne. Kwa hiyo injini yake haikuwahi kunguruma hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko mashimo.

Alikwenda kwanza kwa fundi wa pale pale Ruangwa. Jina lake ni Danieli Chitanda, mtu wa kuja, Mmakonde kutoka upande wa Newala. Mjomba wake Ismaili, Mzee Mchopa, alikuwa amempangisha kiwanja kidogo karibu na soko. Alianza kwa kutengeneza redio, baadaye akaingia kwenye nyaya za magari, baadaye kwenye magari yenyewe. Sisi wa Nachingwea tulimwita Fundi Redio, na jina lilishika. Nilimdharau kabla sijamwona. Mtu ambaye hajawahi kuchubuka vidole kwa masizi ya valvu, nilisema, anaingiaje kwenye injini? Anaingilia wapi, kwenye spika?

Danieli alimfungia Ismaili kisanduku kidogo kilichotoka Dar es Salaam, chenye kitufe cha kuzungusha, cha kuamua injini ibadilike kwenye mizunguko mingapi. Akakiweka elfu tano. Ismaili akataka elfu tatu. Danieli akakataa. Akamwambia chini ya hapo atapata kelele bila nguvu, kwa sababu ule mfunguko mkubwa wa valvu huhitaji injini iwe na kasi ya kuufaidi. Akamwambia tena kwamba presha ya oili huko chini haitoshi kusukuma vipini mpaka mwisho. Tena akamwekea oili nyepesi. Ismaili akaona amepata fundi mwoga. Akawasha gari lake akaja Nachingwea kwangu.

"Dada Somoe," alisema akishuka, "hili gari nimeuziwa simba, nalisukuma kama mbuzi. Yule jamaa ananisomea vitabu tu."

Nikachovya kidole kwenye kijiti cha oili. Ikadondoka kama maji ya kunawa. Mbele ya gereji nzima nikamwonyesha Ismaili kidole changu, nikasema, "Huyu amekuwekea oili ya cherehani." Wote wakacheka. Ismaili mwenyewe akacheka, ingawa gari lilikuwa lake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Amesema nikufikishie ujumbe. Kama injini inachelewa kubadilika, uangalie kwanza chujio dogo lililo chini ya ile swichi ya oili. Amesema huziba."

"Mwambie ahsante," nilisema. "Mwambie redio zake zinasikika mpaka huku."

Chujio sikulifungua. Lina boliti tatu na linachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Sikulifungua kwa sababu aliyesema nilifungue alikuwa yeye.

Nilichofanya ni hiki, na wenye kuandika waandike. Nilimwaga oili nyepesi, nikajaza nzito ya trekta, mpaka Mzee Lipande angefurahi kaburini. Nikazungusha kitufe hadi elfu tatu. Nikawasha, nikapiga resi. Haikubadilika. Taa ya injini ikawaka. Kompyuta ilikuwa inangoja swichi ya presha iiambie kwamba oili imefika, na oili ilikuwa haifiki. Fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini haifiki. Mimi nilikuwa na watu watano nyuma yangu na mwenye gari pembeni, na nilikuwa nimekwisha kucheka. Nikachukua kipande cha waya wa bluu, nikaunganisha nyaya mbili za swichi ili kompyuta iamini kwamba presha ipo siku zote. Nikafunga kwa tepu nyeusi, nikausukuma waya chini ya bomba pasipoonekana. Nikawasha tena. Mizunguko elfu tatu, injini ikanguruma. Jamani, ilinguruma. Watu walipiga makofi.

Tulilijaribu kwa barabara ya Nambambo, Ismaili akiendesha mimi pembeni. Kelele ilikuwa kubwa sana na mwendo ulikuwa ule ule. Pengine ulipungua. Nilijua. Mgongo wa fundi unajua gari linapovuta na linapopiga domo tu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimemtengenezea debe. Ismaili alikuwa anacheka kama mtu aliyepewa harusi ya pili, akasema, "Sasa hili ndilo gari!" Nikasema moyoni, anataka kelele, amepata kelele.

Baada ya wiki mbili msimu ukafunguliwa. Ismaili akatoka Ruangwa mapema asubuhi mbele ya pikapu zote, akapita Chunyu, akashika njia ya Nambilanje. Kila alipokanyaga mafuta, vipini vilikuwa vinaingia nusu na kutoka, vinaingia nusu na kutoka, vyuma vikigongana. Kabla hajafika, mkono mmoja wa valvu ukavunjika, valvu ikadondokea silinda, pistoni ikakutana nayo. Injini ikafa pale pale barabarani. Pikapu zikampita moja baada ya nyingine, madereva wakimpungia mkono. Alikaa juu ya mizani yake kando ya njia hadi lori lake lilipomkuta. Magunia ya Nambilanje yote yalikwenda kwa wengine.

Gari lilivutwa hadi Nachingwea, kwangu. Ilikuwa Ijumaa, na wenzangu walikuwa wamekwenda msikitini. Nikafungua kifuniko peke yangu. Vipini vilikuwa vimemeguka kwenye ncha kama chaki. Nikafungua ile swichi, nikatoa chujio. Lilikuwa limeziba lote kwa tope jeusi. Nilikaa na kile kichujio mkononi, kidogo kama kifungo cha shati, na sikuwa na mtu wa kumtukana. Ningeufuata tu ule ujumbe wa Danieli, muda wa chai moja tu, hayo yote yasingetokea. Halafu nikasikia watu wanarudi kutoka msikitini wakiongea. Nikauchomoa ule waya wa bluu, nikaweka mfukoni. Nikalisafisha chujio kwa mafuta ya taa, nikalirudisha mahali pake. Sikuwahi kufanya kazi upesi namna ile.

Ismaili alipokuja kuuliza, nikamwambia, "Kisanduku. Kisanduku cha yule bwana ndicho kilichoua injini." Alihitaji mtu wa kumlaumu, na mimi nilikuwa na mtu wa kumpa.

Siku chache baadaye niliitwa Ruangwa, kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Mchopa, mjomba wake Ismaili na mwenye kile kiwanja. Watu walijaa: wenye magari, wauza spea, majirani, na mafundi wenzangu wawili walionisindikiza wakitarajia burudani. Danieli alikaa kwenye benchi mwisho, shati limepigwa pasi. Mzee Mchopa akamwambia mpwa wake aeleze, akaeleza. Kisha akanigeukia. "Wewe mwanangu ni fundi wa siku nyingi, na injini umeifungua. Tuambie sisi tusiojua."

Nikasema niliyoyasema. Kisanduku kimeivuruga injini, aliyekifunga hajui injini. Sikutaja elfu tatu. Sikutaja waya. Oili niliitaja, lakini ile nyepesi.

Danieli akainua mkono. "Naomba nimuulize dada swali moja tu, nzee. Chujio alilifungua?"

Baraza nzima ikanitazama. Mnakijua nilichojibu, mnakisema kila wiki. Nilimwambia, "Mimi nimeanza kufungua injini wewe ungali unalamba risasi za kuchomelea redio."

Walicheka sana. Mzee Mchopa mwenyewe alijifuta machozi kwa ncha ya koti. Mwenzangu mmoja akarudia maneno yale kwa sauti ili waliosimama nyuma wasikie, nao wakacheka upya. Danieli hakucheka na hakuuliza tena. Kicheko kilipokwisha, Mzee Mchopa akamwambia kwa upole kabisa kwamba kiwanja anakihitaji kwa shughuli nyingine, atoke kabla ya wiki kwisha. Alihamisha vyombo vyake kwa baiskeli, safari tatu. Hakuna aliyempa gari tena, Ruangwa wala Nachingwea, maana kila aliyejaribu kumtaja aliulizwa kama redio yake imeharibika.

Sasa niwaeleze na jambo ambalo hamlijui. Ile kanuni yangu mnayoisifu, ya kwamba gari lenye valvu za kubadilika halifunguliwi kitu mpaka chujio lifunguliwe kwanza, si yangu. Niliianza wiki iliyofuata, kimya kimya. Oili nzito nayo niliacha kuitia kwenye magari hayo, nikawaambia nimesoma. Swichi ya presha nikawakataza kuigusa kwa waya, na aliyeigusa nilimrushia spana. Mlidhani ni uzoefu. Kila mliponiita mwalimu kwa ajili ya hayo, mlikuwa mnamwita Danieli bila kujua, na mimi nikaitikia. Nyani haoni kundule, na mimi niliona ya gereji nzima.

Nilipostaafu nikachukua pikipiki hadi Nambilanje, alikohamia Danieli. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anapukuta ufuta juu ya turubai, akigonga vishada kwa fimbo. Amezeeka, ila shati bado limepigwa pasi. Akanikaribisha kwenye kigoda, mkewe akaleta maji. Nikamweleza yote, waya, elfu tatu, chujio, mfuko wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugonga.

"Najua, dada," alisema.

Nikamuuliza amejuaje, maana waya niliutoa kabla mtu hajauona.

"Nilikuuliza habari za chujio, ukanijibu habari za redio. Fundi asiye na kosa hujibu alichoulizwa." Akakung'uta kishada kingine. "Nilijua pale pale."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini wakati wanacheka?"

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha nimepata, hauna kazi kwake. Halafu akaiweka fimbo chini kwa mara ya kwanza. "Lakini dada, umekuja kote huku kuniambia mimi. Mimi sikudanganywa. Waliodanganywa ni wale waliocheka. Kwao umekwenda?"

Sikuwa nimekwenda. Akarudia kugonga ufuta wake, na mkewe akanitazama kwa namna ambayo niliistahili.

Niliondoka pale nikapitia Ruangwa. Mzee Mchopa alishafariki. Ismaili yupo, ananunua ufuta bado, ana pikapu siku hizi. Nilimweleza nimesimama, hakunikaribisha kukaa maana alikuwa anapima magunia. Akasema, "Mama, hayo ya zamani hayo. Yule jamaa wa redio? Alikuwa mchekeshaji kweli." Na akacheka. Nilimweleza tena kwa lugha nyepesi kama ya mtoto, akanipigapiga begani, akasema nipumzike, nimestaafu. Yule hataelewa hadi mwisho, kama ambavyo hakulielewa gari lake.

Kwa hiyo mmebaki nyinyi. Nyinyi ndio mnaocheka sasa, na mnacheka kwa maneno yangu, kwenye gereji niliyoiongoza. Akija mteja mgeni akaomba hadithi ya gari jekundu, msimnyime, lakini msimulieni hivi: palikuwa na fundi Ruangwa, jina lake Danieli Chitanda, aliyeiseti injini sawasawa na akaonya mapema, na palikuwa na fundi Nachingwea, jina lake Somoe, aliyeivunja kwa kiburi, akaficha waya mfukoni, akamfukuzisha mwenzake kazi kwa kichekesho. Atakayecheka hapo mwacheni acheke. Safari hii atakuwa anamcheka anayestahili.